Meli ya Bati Iliyopanda Newala

Pili Sadallah ana miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo ameishi na mkasi wa bati mkononi. Kibanda chake kipo Mkomaindo, Masasi, hatua chache kutoka barabara ya kwenda hospitali, na wapitao humsikia kwa nyundo kabla hawajamwona mwenyewe. Kazi aliirithi kwa marehemu baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume na hakuona sababu ya kuendelea kumngoja. Majiko ya mkaa, ndoo za kumwagilia bustani, faneli, vibatari, mabati ya kuokea mikate, hayo ndiyo yaliyomlisha na kumsomeshea mwanawe Faidha. Hakuwahi kutengeneza kitu ambacho mteja hakukijua kwa jina.

Mwaka jana, mwezi wa tano, shangazi yake Bimdogo aliletwa kutoka Mnyambe, kule juu Newala, kuja kutolewa mtoto wa jicho. Bimdogo alikuwa ameshavuka themanini na mitano, mwembamba, mwepesi wa ulimi. Bandeji ilipotolewa akabaki kwa Pili wiki tatu akingoja kuonwa tena na daktari. Kutwa alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa kibanda, akitazama kila kitu kama mtu aliyerudishiwa mali yake. Alihesabu kuku wa jirani. Alimwambia Ashiru, mume wa Pili, kwamba amezeeka vibaya na hakuna aliyemwarifu.

Asubuhi moja Pili alikuwa anakunja bati la ndoo kwenye reli ya kugongea, na Bimdogo akasema tu, bila kuulizwa, "Baba yangu alivuta mzinga wa meli."

Pili hakuinua kichwa. Maneno hayo aliyasikia tangu utotoni. Babu Dadi, baba yake Bimdogo na babu yake Pili, alikamatwa kijana kabisa wakati wa vita ya Wajerumani akafanywa mpagazi, na inasemekana alivuta mzinga uliong'olewa kwenye meli. Katika ukoo hilo lilikuwa neno la kuchekea. Meli Mnyambe, mahali ambapo hata maji ya kunywa yanafuatwa kwa madumu, ilifika kwa njia gani?

Lakini siku hiyo alikuwapo mtu mwingine. Mwalimu Alfredi, afundishaye historia sekondari, alikuwa amekuja kuchukua jiko lake lililotiwa wavu mpya. Akaliweka chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesema mzinga wa meli?"

"Nimesema. Na wewe kama unataka kucheka, cheka uende zako. Hawa wameshanicheka vya kutosha."

"Sicheki, bibi. Mizinga hiyo ilikuwapo." Mwalimu akavuta kopo la rangi akakalia. "Meli yenyewe iliitwa Königsberg. Ilijificha kwenye mikono ya mto Rufiji, Waingereza wakaipiga humohumo mwaka 1915. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake kumi, wakaitia magurudumu, wakawavutisha watu nchi kavu. Vita ikazunguka mpaka ikatufikia huku, mwaka wa kumi na saba. Kama mmoja wa mizinga hiyo ndio alioushika baba yako, mimi siwezi kuapa. Lakini mzinga wa meli kupita porini si hadithi ya kutunga."

Akatafuta picha kwenye simu. Bimdogo akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Kidudu hiki?"

"Picha ndiyo ndogo, bibi. Yenyewe ilikuwa na urefu wa mita mia moja na kumi na tano. Kama uwanja wa mpira."

"Na ilikuwa chuma yote?"

"Chuma yote."

Bimdogo akarudisha simu, akaokota kipande cha bati chini akakigeuzageuza.

"Tulikuwa tunapepeta mtama," akasema. "Mimi nina kama miaka kumi na miwili. Baba anasimulia watu, anasema askari wenye mzinga ule walimwambia meli yao ilikuwa ya chuma kutoka chini mpaka juu. Nikamwambia mbele ya wote, baba, chuma hakielei, jembe likitumbukia kisimani huliwahi tena? Watu walicheka mpaka wakamwaga mtama. Yeye hakunijibu. Na habari za vita hakuzisimulia tena mpaka tunamzika." Akaufuta uso kwa upande wa kanga. "Mpaka leo sijui kama alisema kweli. Wewe mwalimu unasema, na kwenye simu ipo. Lakini bati nalijua, nimekaa hapa siku kumi nalitazama. Bati linazama."

Pili alijisikia akisema, "Nitakutengenezea."

"Utanitengenezea nini?"

"Meli hiyo. Ya chuma yote. Nitakuletea Mnyambe, na utaiona inaelea."

Ashiru, aliyekuwa akifunga mzigo kwenye toyo yake, ile pikipiki ya magurudumu matatu anayobebea saruji na mbao za watu, aligeuka akamtazama mkewe kama aliyetaja kwenda kuishi mwezini.

Bimdogo alirudi kwao mwezi wa sita na macho yake mapya. Kibandani meli ikaanza.

Mwalimu Alfredi alipata michoro ya meli, ya ubavuni na ya juu, akaichapisha vipande vipande, wakaigundisha sakafuni nyumbani kwa Pili kwa uji wa muhogo. Kila mita ya meli ikawa sentimita moja. Walipomaliza, karatasi ilitoka mlangoni hadi mguu wa kitanda, na upana wake haukufika shubiri. Pili aliuzunguka mchoro ule mara tatu. Alikuwa amezoea vitu vya mviringo na vya pembe nne. Hiki kilianza kama ncha ya kisu, kikatanuka polepole, kikanywea tena nyuma, na hapakuwa na mahali ungeweza kusema mkunjo umeanzia hapa. Mikono ikamwasha. Usiku huo alilala akikunja bati kichwani.

Alitumia madebe ya mafuta ya kula, maana bati lake ni jepesi na linashika lehemu vizuri. Kwanza alikata mbavu, ishirini na tatu, kila moja na umbo lake, akazisimamisha juu ya ukanda mmoja wa chini, huo ambao mabaharia huuita mkuku. Kisha akaanza kuivika ngozi. Bati la kwanza la ubavuni lilitoka na makunyanzi kama shati lisilopigwa pasi. Akaling'oa. La pili lilipinda. La tatu alilikata vipande vyembamba badala ya bati moja pana, akavipanga kimoja baada ya kingine, akapaka tindikali, akapitisha chuma cha moto, na lehemu ikakimbia kwenye mshono ikimetameta kama mafuta kwenye sufuria safi. Akasimama. Akaukunja mkono wa gauni, akapitisha kiganja ubavuni kutoka mbele mpaka nyuma. Hakikukwama popote.

"Mama Faidha, njoo ule," Ashiru aliita kutoka uani.

"Njoo wewe uguse kwanza."

Ashiru akaja, akagusa. Tangu siku hiyo hakuuliza tena lini mambo haya yatakwisha. Akawa anarudi safarini na vitu mfukoni. Alileta betri kubwa za tochi zilizokufa, na Pili akazichuna akapata maganda ya kutengenezea mabomba matatu ya moshi, unene ukawa uleule wa mchoroni. Alileta mwavuli uliovunjika, na njiti zake zikatoa mizinga kumi, kila mmoja urefu wa kiungo cha kidole. Nyaya za umeme alizozichuna zikawa vishikio vya kuzunguka sitaha. Mnyororo wa nanga ulitoka kwenye mkufu wa bandia wa Faidha, na Faidha alipopiga simu kutoka chuoni Mtwara akaambiwa mkufu wake umeingia jeshini.

Wateja nao wakabadilika. Mtu aliyekuja kuzibiwa ndoo alisahau ndoo akauliza nahodha alikaa wapi. Fundi rangi wa mtaa wa pili akaleta mabaki ya nyeupe na nyeusi, wakachanganya mpaka wakapata kijivu ambacho Mwalimu Alfredi alikikubali. Chini, sehemu ya kukaa majini, wakapaka nyekundu ya milango. Mstari uliotenganisha rangi mbili hizo ndipo, alisema mwalimu, maji yanapotakiwa kuishia.

"Ili ishuke mpaka hapo lazima iwe na kilo tatu na gramu mia nne," alisema.

"Sasa mbona unaitafutia uzito, mwalimu? Nimehangaika miezi miwili kuifanya nyepesi."

"Ndivyo hesabu inavyosema."

Pili hakubishana, ila hakumsikiliza. Kwake kitu chepesi ndicho kieleacho. Alijaribu kwanza kama inavuja, na kwa kuwa maji si ya kuchezea aliyamimina ndani ya meli badala ya kuiweka meli ndani ya maji. Matone yalijitokeza mahali patatu, akapatia alama kwa chaki, akapaziba. Akafunika sitaha, akachomelea kote. Dukani kwa muuza sukari mizani ikasoma kilo mbili na nusu. Akaona amefaulu.

Nyuma ya mtaa palikuwa na nyumba inajengwa, na mafundi walikuwa wamechimba shimo la kuwekea maji ya kuchanganyia zege. Waliwaruhusu. Jumamosi hiyo watu kama arobaini walikuja, wengine na viti vyao. Pili alipiga magoti, akaishusha meli kwa mikono miwili, akaiachia.

Ilielea kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu ikainama upande wa kulia, taratibu, kana kwamba imeona kitu chini, ikalala, ikageuka tumbo juu. Mabomba yakaelekea matopeni, na tumbo jekundu likabaki hewani kama la kuku anayenyonyolewa.

Watu walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka, na Pili aliyekuwa amepiga magoti kwenye matope ya saruji akamkumbuka babu yake, mtu ambaye hakuwahi kumwona. Akaiokota meli, akaifuta kwa kanga, akarudi nayo kibandani.

Mwalimu Alfredi alimkuta ameikalisha mbele yake anaitazama.

"Nilikuwa najaribu kukwambia," akaanza.

"Ngoja, mwalimu, usiniambie." Pili akanyoosha mkono akachukua jiko moja jipya la miguu mirefu. "Hili likiwa tupu, paka akiligusa linaanguka. Nikiweka kisahani cha udongo chini, mpaka ulisukume kwa nguvu. Meli yangu ina milingoti na mabomba na mizinga huko juu, na chini ina nini? Hewa." Akalirudisha jiko. "Na hizo kilo zako tatu na gramu mia nne nimezielewa. Nikitengeneza ndoo ya nusu, nusu urefu na nusu upana kila upande, haijazi nusu ya maji ya ndoo nzima. Inajaza sehemu moja ya nane. Hilo nalijua tangu nina miaka ishirini. Hapa umepunguza mara mia kila upande. Kwa hiyo kila tani ya meli yenyewe imekuwa gramu moja."

Mwalimu alimtazama. "Ningekuwa na wanafunzi watatu kama wewe," akasema.

Kilichobaki kilikuwa kigumu. Ilibidi kuifungua sitaha aliyoichomelea kwa siku nne. Alipasha moto mshono kidogo kidogo huku Ashiru akiinua bati kwa ncha ya kisu. Hawakuharakisha, kwa sababu moto ukizidi ubavu mzima ungeachia. Sitaha ikatoka salama. Ndani akalaza vipande viwili vya nondo, nusu mita kila kimoja, bega kwa bega juu ya mkuku, akavishika kwa lehemu nene. Akafunga tena, akapaka rangi upya. Dukani kwa muuza sukari watu waliacha kununua wakaja kutazama sindano ya mizani. Kilo tatu, na gramu mia nne na ishirini.

"Ishirini hizo ni rangi," alisema Pili, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akacheka.

Akataka kuijaribu palepale. Lakini shimo la mafundi lilikuwa limeshafukiwa, zege limemwagwa. Na Wema, binti yake Bimdogo anayeishi naye, alikuwa amepiga simu. Mama hali chakula vizuri, alisema, si ugonjwa, ni kuuliza. Kila anayetoka Masasi anaulizwa kama ameiona meli.

"Twende hivihivi," Pili akamwambia mumewe.

"Hujui kama itasimama."

"Sijui."

Waliondoka asubuhi ya mwisho wa mwezi wa nane, Mwalimu Alfredi amekaa nyuma ya toyo akiwa amekumbatia meli iliyozungushiwa godoro na kanga tatu. Pili alibeba kikapu chenye chuma cha kuchomea, tindikali na lehemu. Barabara ilikuwa njema mpaka walipoanza kupanda, halafu kona zikaanza, na kwenye sehemu moja iliyochimbika toyo iliruka, na mwalimu akasema neno ambalo walimu hawasemi. Walisimama, wakafunua. Mlingoti wa nyuma umepinda na bomba la kati limeng'oka.

"Nyanyua uso, mwalimu," Pili akasema. "Ndiyo maana nimebeba moto wangu." Na kweli hakuwa na wasiwasi. Kitu ambacho ameshakifungua tumbo na kukifunga hakikumtisha tena.

Huko juu upepo ulikuwa baridi, na mikorosho ilikuwa imejaa maua. Bimdogo aliwapokea uani akiwa amevaa kanga mpya. Pili akapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ipo wapi?"

"Tusalimiane kwanza basi."

"Tumeshasalimiana."

Pili aliunga bomba lake juu ya jiko la Wema, akanyoosha mlingoti kwa koleo. Shida ikawa maji. Ashiru alikuwa amechimba shimo la urefu wa mita mbili karibu na jiko la nje, na Wema akatoa turubai la kuanikia korosho wakalitandika humo. Lilihitaji madumu kumi na manne. Wema akaweka mikono kiunoni.

"Dada Pili, mimi nakupenda. Lakini madumu kumi na manne ni maji yangu ya siku tano. Niyamwage chini kwa ajili ya mwanasesere?"

"Hayamwagiki, yamo kwenye turubai."

"Na baadaye?"

Ashiru akaonyesha kwa kidevu lundo la udongo mwekundu nyuma ya nyumba, ambapo Wema alikuwa anajenga jiko jipya. "Si unafyatua tofali? Yakitoka kwenye turubai yanaingia kwenye udongo. Na kesho nakuletea madumu mengine ishirini kutoka Newala mjini, juu yangu."

Wema akafikiri, akaanza kumimina yeye mwenyewe, dumu la kwanza, ili asiwe mtu wa nyuma katika jambo hilo.

Majirani walijaa. Bimdogo aliwekewa kigoda ukingoni kabisa. Pili aliivua meli kanga moja moja, na ilipobaki wazi, ya kijivu, ndefu, na mizinga yake mitano kila upande, watu wakasogea kuiona. Aliibeba mpaka majini. Akaishusha mpaka akahisi maji yameanza kuubeba uzito, akahisi kilo zinamtoka viganjani kidogo kidogo, mpaka hakubakiwa na kitu cha kushika. Akaondoa mikono.

Meli ilishuka kidogo sana, ikasimama. Ikayumba kulia. Pili akauma mdomo. Ikarudi, ikayumba kushoto kidogo, ikarudi, ikatulia wima. Maji yaliishia kwenye mstari, nyekundu chini, kijivu juu, kana kwamba yamechorwa na fundi rangi yuleyule.

Mwalimu Alfredi alianza kupiga makofi, uwanja mzima ukafuata, na Ashiru akazunguka shimo akimpa kila mtu mkono.

Bimdogo hakupiga makofi. Aliinama mbele, akaweka kidole juu ya sitaha akaisukuma chini. Ikazama kidogo, akaachia, ikapanda. Akaisukuma tena kwa nguvu zaidi, upande mmoja. Ikainama mpaka maji yakakaribia mizinga, akaachia, ikasimama.

"Hamna mti ndani?"

"Hamna hata kijiti, shangazi. Na tumboni nimeweka nondo mbili."

"Nondo." Bimdogo akapitisha kidole juu ya mizinga. "Alivuta upi?"

"Hatujui. Chukua unaoupenda." Pili akapinda mmoja wa mbele, njiti ya mwavuli kwenye kiti chake cha bati, akaung'oa akamwekea kiganjani.

Bikizee akaufumba mkono. Alipozungumza hakumwambia Pili, aliwaambia watu, kwa sauti ambayo hata waliosimama kwenye mikorosho waliisikia. "Baba yangu Dadi alisema meli ya chuma inakaa juu ya maji. Nilimbishia hapahapa Mnyambe, na waliocheka wote wamekufa, nimebaki mimi. Basi mimi nasema, alisema kweli." Kisha akamgeukia Wema. "Maji hayo msiyachote kwanza. Acheni ikae hadi alasiri."

Ikakaa hadi alasiri. Watu walikuja na kuondoka, wakapewa ming'oko, vile viazi vya porini, na chai. Mzee mmoja jirani aliomba aisukume, akakubaliwa, ikateleza kutoka ncha ya turubai mpaka nyingine bila kuyumba. Wema naye akaisukuma mara nne, mara ya mwisho akidhani hakuna anayemwona.

Meli ilibaki Mnyambe, juu ya kabati la vyombo. Wakati wa kushuka Masasi Pili alikaa mbele, karibu na mumewe, na kwa sababu ya upepo ilibidi amsemeshe sikioni.

"Ashiru, feni ile iliyoungua ya Mama Nancy wa jirani, mota yake ilikufa kabisa au waya tu?"

"Ya nini?"

"Meli ile nyuma ina panga mbili za kusukumia. Nimezitengeneza, lakini hazizunguki."

Ashiru alipunguza mwendo kwenye kona, akaipita, akaongeza. "Waya tu, nadhani," akasema.